TAHADHARI: Mzee wa maboksi ya Jo-Han, msikutane naye

Wakuu, sikutaka kuandika hili. Tangu Jumapili nimelikalia kama jipu. Lakini jana usiku nimesikia kuna mwenzetu wa Ohio ameshapanga kuonana na mtu huyohuyo, basi aibu yangu naiweka pembeni. Nimepigwa, tena kwa boksi la modeli ya gari, zile za plastiki za kuunganisha. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nililikagua kwa macho yangu mawili nikalisifia.

Dola 240. Taslimu. Na kahawa nikamlipia mimi.

Mnajua nilivyoitafuta modeli ya Superbird ya kampuni ya Jo-Han, sirudii. Wengine mlikuwepo kwenye maonyesho ya magari ya Woodward ule mwezi wa nane, mkaniona nimesimama mbele ya lile gari la kweli mpaka mkaniacha mkaenda kula. Pua ile kama ya papa, bawa la nyuma limepanda juu kuliko paa. Shemeji yenu akasema bawa lile linafaa kuanikia kanga. Plymouth ya 1970, hazikufika elfu 2, walizitengeneza ili gari likubaliwe kwenye mashindano ya NASCAR na dereva Richard Petty arudi nyumbani Plymouth kutoka Ford. Akarudi.

Modeli yake ya kampuni ya Monogram, ya kipimo cha 1/24 cha gari la kweli, nimeshaiunganisha mara mbili, moja ipo kabatini na nyingine mtoto aliikalia. Ya Jo-Han ni habari nyingine. 1/25, kazi ya Detroit, ya mzee John Hanley aliyelikata jina lake likawa jina la kampuni. Nayo ilirudiwa kutolewa baadaye, mpaka ndani ya maboksi ya mfululizo wao wa USA Oldies, ndiyo maana toleo la mwanzo likiwa bado limefungwa watu wanatoana roho. Nilikuwa natafuta hilo. Mwaka wa tatu huu.

Sasa sikilizeni nilivyoingizwa mjini.

Jumamosi, mvua, mgahawa mmoja kando ya I-75 kusini ya Toledo. Mimi nimefika mapema nimekaa dirishani. Anaingia mzee, mvi kichwa kizima, kifaa cha kusikilizia sikioni, mkononi kabeba kitu kimefungwa kwenye taulo la kuogea kama anatoka nacho wodi ya wazazi. Hakukiweka mezani hivihivi. Alichukua karatasi ya kufutia mikono akaifuta meza kwanza, akaikausha, akapitisha kiganja kuhakikisha, halafu ndiyo akalishusha boksi na kulifunua taulo pole pole, upande mmoja, upande wa pili. Wallahi moyo ulinidunda kama siku ya posa.

Akaanza kunionyesha ubaya wake mwenyewe, sikumuuliza. "Hapa kona imebonyea. Hapa rangi imepauka, lilikaa juani. Hapa kuna kibandiko cha bei ya dukani, nimeogopa kukibandua." Kibandiko kweli kipo, kimekuwa rangi ya chai, dola 2 na senti kadhaa. Mtu anayekutajia kasoro za bidhaa yake utamshuku vipi? Kwetu muuzaji akikwambia embe hili limeoza upande huu, unanunua kapu zima.

Akasema lilikuwa la marehemu kaka yake. Macho yakamlenga machozi. Nikasema pole. Akasema asante. Akanihadithia jinsi kaka yake alivyokuwa akipeleka vimodeli vya Jo-Han kwa wauza magari, vile walivyokuwa wakiwapa wateja wachague rangi. Na hilo ni kweli, Jo-Han walikuwa wanatengeneza vimodeli vya namna hiyo, mimi najua, na yeye alijua kwamba najua. Kila alichosema kuhusu Jo-Han kilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa ndani ya boksi.

Akanipa nilitikise. Nikaliweka sikioni. Kacha, kacha, vipande vinacheza. Nikamwomba anishushie hadi 200. Unajua alifanya nini? Hakubishana. Akaanza kulifunga tena kwenye taulo, pole pole vilevile. Hapo ndipo nilipokwisha. Nikajisemea tapeli angeteremsha bei haraka aondoke. Nikahesabu noti 12 za 20, nikamwita mhudumu nikalipa kahawa mbili, nikamsindikiza hadi kwenye pikapu yake huku nimemfunika kwa mwavuli WANGU. Neno lake la mwisho: "Usilifungue kamwe, ukilifungua umeliua."

Sasa naelewa kwa nini.

Msije kuniandikia eti ungeangalia msimbo wa mistari. Niliangalia! Najua vitu vya kabla ya katikati ya miaka ya 70 havina, msimbo wa kwanza ulisomwa dukani 1974, tena hapohapo Ohio, mji wa Troy. Haukuwepo. Hakuna "Imetengenezwa China", hakuna anwani ya tovuti, hakuna ile picha ya onyo la mtoto mdogo. Boksi lilikuwa la kweli, wakuu. Karatasi yake ya kweli, wino wake wa kweli. Ndiyo uchungu wenyewe. Huyu bwana ananunua maboksi matupu.

Nikaliweka rafuni wiki mbili, nalipitia kila asubuhi kabla ya zamu kama mtu anayesalimia wakwe. Jumapili akaja fundi wetu wa modeli wa Lansing. Nikamwonyesha kwa madaha. Hakulishika. Aliinama tu, akatazama, akauliza swali moja: "Hiki kibandiko kimebandikwa na nani?"

Nikamwambia na duka, nani tena.

"Duka lilipitishaje mkono chini ya nailoni?"

Nyie. Kibandiko kiko CHINI ya nailoni. Boksi linatoka kiwandani limeshafungwa kwa nailoni, mwenye duka anabandika bei juu yake. Na ile kona iliyobonyea, na yale mapauko, na michubuko yote, viko chini ya nailoni iliyonyooka haina hata mkwaruzo. Boksi limezeeka miaka 50, nguo limevaa juzi. Mzee alinionyesha ushahidi wote kwa kidole chake mwenyewe na mimi nikamwona muungwana.

Nikachukua kisu. Mke wangu akasema acha, labda. Hakuna cha labda.

Ndani: vipande vimekatwa kwenye matawi ya plastiki yanayovishikilia ili vienee, vimetiwa kwenye vifuko vya sandwichi. Stika za maji, zile za kulowekwa ndipo zibandikwe, nyeupe pee kama shuka la hoteli, wakati za umri ule huwa zimeshapiga manjano. Matairi laini, hayajala plastiki hata kidogo, na mliokaa na vitu hivi mnajua tairi za zamani zikigusana na bodi kwa miaka zinavyoitafuna. Maelekezo ni fotokopi. Nikaishika bodi, na mkono ukaitambua kabla ya macho, kwa sababu nimeshaipiga msasa mara mbili. Nikageuza chasisi. Limechongwa pale, herufi safi: Monogram. Nikaleta rula hata hivyo, mtu akifa si lazima uthibitishe? Karibu sentimita nzima zaidi ya inavyotakiwa kwa 1/25. Ni toleo la marudio la juzijuzi, lile la dola 30 na kitu, ninalo kabatini. Nimenunua gari nililonalo kwa bei mara saba.

Sina ugomvi na matoleo ya marudio, nisieleweke vibaya. Nusu ya rafu yangu ni marudio. Kampuni ya Round 2 ya South Bend wanatoa modeli za AMT na MPC kwa picha zilezile za zamani na ubavuni wameandika wazi ni kazi ya lini na ya nani, unalipa unachokiona. Kalibu zenyewe ndizo zilezile mara nyingi, ndiyo maana wageni hamtakiwi kuamini mwaka uliochongwa chini ya gari. Huo ni mwaka wa kalibu, plastiki inaweza kuwa imemiminwa mwaka jana. Huyu mzee hauzi marudio. Anauza maiti kwenye sanda ya mtu mwingine.

Nimempigia. Mara ya kwanza ikaita. Mara ya pili akapokea, nikasema jina langu, akasema hasikii vizuri, kifaa chake kina shida. Mara ya tatu namba haipatikani. Nikatuma picha ya chasisi. Amesoma. Kimya.

Sasa nataka nini? Nataka afungiwe minada yote ya modeli kuanzia Michigan hadi Indiana. Nataka picha ya lile taulo ibandikwe mlangoni. Kwetu Tanga mwizi wa kuku anatembezwa mtaa mzima na kuku shingoni, na huyu atembezwe ukumbini kati ya meza, boksi kifuani, watoto nyuma wanapiga makopo. Ile mashine yake ya hewa moto anayokazia nailoni inyang'anywe. Ningekuwa nyumbani ningeshasomesha albadiri na saa hizi angekuwa amevimba mkono anaoufutia meza. Mtu mzima! Analilia kaka ambaye sidhani hata alizaliwa!

Mkisema nimeyataka, ni sawa, nimeyataka. Mke wangu ameshasema, na kwa maneno machache kuliko yenu.

Kwa yule wa Ohio: usiende. Kama huwezi kujizuia, tazama nailoni kwanza, tazama nini kiko juu yake na nini kiko chini, na mwambie mtalifungua pamoja palepale mezani au hulipi. Akianza kukunja taulo, mwache akunje. Na kuna jambo nililikumbuka jana usingizi ulipogoma. Alipofungua mlango wa pikapu nilipokuwa namfunika na mwavuli, niliona taulo la pili kwenye kiti, na kona ya boksi la modeli nyingine imechungulia: Charger Daytona. Nikamuuliza, akasema hilo bado haliuzwi, ni kumbukumbu ya kaka.

Jana limewekwa mnadani. Dola 300, limefungwa, na picha ya tatu inaonyesha kibandiko cha bei, rangi ya chai, dola 2 na senti zilezile.