Mimi na binti yangu tulivyonyooshwa meno kwa daktari mmoja

Nimesubiri waya zote zitoke ndipo niandike, maana kazi ya kunyoosha meno huijui kwa kwenda mara moja. Binti yangu alianza akiwa na miaka 12. Chonge zake za juu zilikuwa zimeota juu kabisa ya fizi kwa kukosa nafasi. Mimi meno ya mbele ya chini yamepandana tangu usichana, nikazoea kucheka nimeziba mdomo kwa kiganja.

Nilichokipenda ni kwamba daktari hakukimbilia kutufunga waya. Alipiga eksirei ya taya zima, akapima meno, kisha akatukalisha tuitazame picha pamoja naye. Binti alikuwa tayari. Mimi akanikatalia: fizi zinatoka damu, na chini yake kuna ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe. Akanieleza kwamba jino husogea kwa sababu mfupa huyeyuka upande linakosukumiwa na kujijenga upande linakotoka. Ukilisukuma fizi zikiwa zinaumwa, mfupa waweza kuliwa usirudi tena. Nikasafishwa kwa awamu, miezi mitatu. Nilinuna kweli kweli, ila leo namshukuru.

Niliomba pia aning'arishe meno kabla ya waya. Hilo nalo alilikataa. Nina jino moja la mbele lililozibwa, na dawa ya kung'arisha haigusi rangi ya kilichozibia. Tungoje mwisho, akasema, meno yang'ae kwanza, halafu lile lizibwe upya lifanane na wenzake. Ndivyo tulivyofanya, na hata mimi silitambui tena nikijitazama kiooni.

Msaidizi wake ndiye aliyeniokolea mtoto. Alimpaka meno dawa ya rangi, akamwambia asukutue, akampa kioo. Kati ya fizi na kila kichuma, kile kidude kinachogundishwa kwenye jino kushika waya, ulibaki mstari wa zambarau: ni uchafu ambao mswaki haukuufikia. Hakumgombeza. Alimshika mkono, akamwonyesha namna ya kuulaza mswaki juu ya kichuma, kisha chini yake, jino kwa jino. Uchafu ukizoea kukaa pale huacha madoa meupe ya kudumu, na waya ikitoka ndiyo yanayotangulia kuonekana. Binti yangu hana hata moja.

Lawama ninayo, na si ndogo. Jumamosi jioni ncha ya waya ilichomoka nyuma ya gego la binti ikaanza kumchoma shavu. Simu ya kliniki iliita hadi ikakatika, mpaka Jumatatu. Hatukuwa na nta ya kuifunikia ncha, kwa kuwa siku ya kufungwa waya hakuna aliyetupa. Walipoikata, kazi ya dakika moja, shavu lilikuwa limeshafanya kidonda. Mtoto asingepaswa kulala siku mbili na maumivu yale. Tena kuna siku tulingoja saa nzima kwa ajili ya kubadilishwa vimpira tu.

Binti alimaliza kwa miezi 19, mimi 23. Siku ya kwanza kabisa tuliambiwa kwamba waya zikitoka kazi haijaisha, kwani meno hupenda kurudi yalikotoka. Binti huvaa riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi, kila usiku, na asubuhi huisugua kwa maji baridi, maana ya moto huipinda. Yangu ni kawaya kembamba kalikogundishwa nyuma ya meno ya chini. Hakaonekani hata nikicheka, na siku hizi nacheka mkono ukiwa mapajani.