Miezi kumi na mgeni ndani: maoni yangu kuhusu programu ya familia mwenyeji

Nimewapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya mratibu wetu wa kwanza peke yake. Shirika lenyewe silitaji. Kwanza sitaki ugomvi, pili mashirika ya kubadilishana vijana yanafanana sana, kwa hiyo niliyoyakuta mimi huenda ukayakuta kwingine.

Tulimpokea kijana wa miaka 17 kutoka nchi nyingine, akaishi nasi miezi kumi. Mwaka uliofuata tukampokea binti wa miaka 16 kwa wiki sita. Nyumbani tuko wanne: mimi, mume wangu, mwanangu wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na miaka 15, na mdogo wake wa kike wa miaka 11. Nyumba yetu si kubwa na niliwaambia hivyo mapema, nikijua watatukataa. Kumbe walichotaka ni kitanda chake mwenyewe, mahali pa kusomea, na mtu mzima anayeonekana nyumbani. Chumba aliruhusiwa kuchangia na mwanangu kwa kuwa ni wavulana wote na umri haujapishana sana.

Kwenye uchunguzi wa awali sina neno. Walikuja nyumbani mara mbili, wakaangalia rekodi zetu za polisi, wakataka majina ya watu wawili wa kututhibitisha. Kisha wakaomba kuzungumza na watoto wetu bila sisi kuwepo, hata huyo wa miaka 11. Mume wangu alinung'unika kwamba tunahojiwa kama washukiwa. Mimi nilimwambia afikirie mama aliye upande wa pili, anayemfungia mwanawe begi aende kulala kwa watu asiowajua. Shirika lisilokusumbua kwa maswali hayo, likimbie. Malipo hakuna, unajitolea. Bima ya afya na nauli ni juu yao na wazazi wa kijana. Juu yako ni kitanda, sahani na uvumilivu.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza siku ya pili. Wasifu tuliotumiwa ulisema kijana "hana shida na wanyama". Sisi tuna paka. Asubuhi macho yamevimba, anapiga chafya mfululizo kama injini inayokataa kuwaka. Tulipofungua fomu yake ya awali na kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu, tukakuta ameandika wazi kwamba ana aleji ya manyoya. Aliyetafsiri aliliruka neno hilo. Paka alihamia kwa jirani miezi kumi, na binti yangu alinuna siku nne, akimhesabia mgeni kosa ambalo si lake. Ushauri wangu: dai fomu ya asili, usiridhike na muhtasari.

Sasa kijitabu cha mwongozo. Kilikuwa kinene, na nusu yake ni mambo ya kumfanya mgeni ajisikie vizuri: mtandikie, mwonyeshe, mpeleke, muulize. Ndani yake kuna ule mchoro maarufu wenye umbo la bakuli: kijana anafika na furaha tele, anazama, kisha anapanda tena. Mume wangu aliubandika kwenye friji. Baadaye nilitafuta ulikotoka, nikakuta unarudi kwa Sverre Lysgaard, mwanasosiolojia wa Norwe, aliyeandika mwaka 1955 kuhusu Wanorwe waliokuwa wamekwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa masomo na utafiti wa serikali ya Marekani. Hao walikuwa watu wazima, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba wengi hawapiti njia hiyo. Wetu alianzia chini kabisa. Wiki ya kwanza hakuwa na furaha yoyote ya kuzama kutoka kwayo. Alikula kidogo, akaoga, akafunga mlango, akapiga simu kwao saa mbili nzima. Sisi tukisoma mchoro tunaambiwa huu ndio wakati wa fungate!

Mratibu wa kwanza, mama mmoja mtulivu, alikuja akakaa, hakutoa hotuba. Aliniuliza swali moja: "Tangu afike, umemtuma nini?" Nikajibu kwa fahari kwamba sijamtuma chochote, ni mgeni. Akacheka. "Siku ya tatu ilishapita, mama. Jembe liko wapi?"

Nilijisikia mjinga, maana methali hiyo nimekua nayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote nilidhani imetungwa kumkomesha mgeni mvivu. Siku ile ndipo nilipoiona kwa jicho la mgeni mwenyewe: asiye na kazi nyumbani hana pa kusimama. Anakaa ukingoni mwa kochi akisubiri kuambiwa kitu cha kufanya. Jioni hiyo hiyo kijana alipewa vyombo vya usiku, siku moja yeye na siku moja mwanangu. Simu ya kwao tulikubaliana iwe mara mbili kwa wiki, tena saa ambazo kwao si usiku wa manane. Hakuna aliyemlazimisha; mratibu aliongea na wazazi wake pia, nao wakakiri kwamba simu za kila siku zilikuwa zinawaumiza wote.

Watu huniuliza kuhusu urafiki. Wanadhani ukiwaweka vijana wawili chumba kimoja, urafiki unaota wenyewe kama uyoga. Mwanangu na yule kijana walilala mita mbili kutoka kitanda hadi kitanda kwa wiki tano bila kusemezana zaidi ya "lala salama". Kila mmoja na simu yake, kila mmoja na visikizi masikioni. Wa kwangu alilalamika kwamba mwenzake ana maringo. Mwenzake, tulikuja kujua, alikuwa akiogopa kukosea lugha mbele ya mtu mdogo kwake.

Kilichowaunganisha ni baiskeli. Mnyororo ulikatika Jumamosi moja na mwanangu akaitaka iwe tayari Jumatatu. Hakuna kati yao aliyejua kuitengeneza, na nadhani hapo ndipo penye siri. Kama mmoja angekuwa fundi, mwingine angekuwa mtazamaji. Waliipindua miguu juu, wakachafua sakafu yangu kwa grisi, wakapoteza kipande kimoja na kukitafuta kwa tochi. Mgeni wetu alijifunza Kiswahili chake cha kwanza cha kweli siku hiyo: shika, achia, kaza, legeza, siyo hivyo. Kwa wiki nzima alikuwa akiyatumia popote. Akitaka nimpishe mlangoni, "legeza". Akitaka kuahirisha kazi ya shule, "achia".

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakuondoi chuki wala dhana kati ya makundi. Watu wawe na hadhi sawa, lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waliunge mkono. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mume wangu, aliyetaka kuipeleka ile baiskeli kwa fundi. Nilimzuia. Huo ndio ulikuwa mchango wangu wote kama mamlaka.

Kuhusu majina: kijitabu kinashauri siku ya kwanza mkubaliane mgeni atawaitaje. Tukasema Mama na Baba. Akainamisha macho, na sikumlaumu, mama anaye. Mwanangu ndiye aliyemfundisha kuniita "bimkubwa", kwa utani, bila kumweleza kwamba ni neno la vijana wa mtaani. Yeye akalichukua kama cheo cha heshima kuu. Siku moja mratibu alipiga simu, kijana akapokea na kumwambia kwa adabu zote, "Shikamoo bimkubwa wa shirika." Hadi leo akinitumia ujumbe naitwa hivyo, na sitaki mtu amsahihishe.

Nyota zilizopotea ni hizi. Mwezi wa nne mratibu wetu aliondoka na hatukuambiwa. Tuligundua tulipompigia na kuambiwa na yeye mwenyewe kwamba ameacha kazi. Aliyefuata alipiga simu mara moja kwa mwezi kama alivyotakiwa, akauliza "Kuna tatizo?", ukisema hapana, amekata. Alimuuliza kijana hivyo hivyo, tena nikiwa nimekaa pembeni. Kijana gani atasema ana tatizo na mwenyeji wake mwenyeji akimsikiliza? Na usiku mmoja alipopandwa na homa kali, namba ya dharura iliyochapwa kwenye kadi yake iliita hadi ikakata, mara sita. Tulikwenda hospitali na kadi ya bima, tukapokelewa, akapona. Shirika lilitupigia saa nne asubuhi. Walituomba radhi, lakini namba ile ile ndiyo waliyompa binti wa mwaka uliofuata.

Kuhusu huyo binti sina mengi. Wiki sita zilijazwa safari, semina na picha za pamoja na wageni wenzake. Alikuwa mchangamfu, mwenye adabu, na aliondoka akiwa mgeni vile vile alivyokuja. Vyombo aliosha mara tatu. Anayetaka watoto wake wapate rafiki wa kudumu asichukue programu fupi ya namna hiyo. Anayetaka kujaribu kabla ya kujifunga miezi mingi, itamfaa.

Kama unachagua, jua pia kwamba si kila programu hufanana kwa hili: vijana wanaokuja kupitia Rotary, mtandao wa vilabu vya kujitolea, kwa kawaida huhamishwa familia zaidi ya moja ndani ya mwaka, wakati AFS, shirika la kubadilishana wanafunzi lililoanza na madereva wa magari ya wagonjwa katika Vita Kuu ya Kwanza na kuingia kwenye wanafunzi mwaka 1947, kwa kawaida humwacha kwa familia moja ikiwa mambo ni shwari. Kuhama kunawapumzisha wenyeji. Ila mimi nikihesabu wiki zile tano za kimya chumbani, naona kwa utaratibu wa kuhama, muda mwingi wa wetu ungeshapotea kabla mnyororo haujakatika.

Juzi shirika limenipigia, wana kijana mwingine wa miezi kumi, je tuko tayari? Paka yumo ndani, mwanangu ameshasafisha upande wa pili wa chumba bila kuambiwa. Nimewajibu wanitumie fomu ya asili, na waniambie kwanza mratibu ni nani.