Nova: tuitabiri kwa mwanga au kwa eksirei?

Nova ni mlipuko wa haidrojeni juu ya nyota kibete nyeupe (kiini kidogo kizito cha nyota iliyokufa), na hapa tunatabiri itakavyofifia. Kwa gharama, mwanga wa kawaida hauna mpinzani: darubini ndogo yatosha, mawingu yakiruhusu. Eksirei hazipenyi angahewa, hivyo lazima setilaiti.

Kwenye kuaminika ndiko kuna utata. Nova inayofifia upesi hudokeza nyota kibete nyeupe yenye uzito mkubwa. Ila vumbi hudanganya kwa kuziba mwanga: nova DQ Herculis ya 1934 ilififia ghafla, kisha ikang'aa tena. Eksirei laini (zenye nishati ndogo) huonyesha haidrojeni inavyoendelea kuungua juu ya kibete, lakini mwanzoni gesi iliyorushwa huzificha. Mwaka 2020 eROSITA, darubini ya eksirei iliyo angani, ilinasa mmweko wa eksirei wa nova YZ Reticuli saa kadhaa kabla haijang'aa kwa mwanga wa kawaida. Bahati tupu, kwa maoni yangu.

Unafuatilia siku za kwanza? Shika mwanga. Unataka kujua moto utazimika lini? Subiri eksirei.