Geti la wavu la kutenganisha mbwa, na bamba lake ambalo wengi hawaliagizi

Anayemchukua mbwa mkubwa aliyelelewa bandani, awe amestaafishwa na kampuni ya ulinzi au mfugaji ameamua kumtoa, na nyumbani kwake tayari kuna mbwa mwingine, kwa kawaida hununua kola mpya, mnyororo na dawa ya minyoo. Geti la kuwatenganisha hukumbukwa baada ya mbwa kuchaniana masikio. Tunaloliangalia hapa ni geti hilo: fremu ya bomba la mraba na wavu wa chuma, la kuweka kwenye korido, barazani, au kati ya nyumba na ukuta wa uzio. Unampa oda fundi wa kuchomelea, na huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako, mafundi hao hawakosekani.

Kwa kazi hii hatujaona kifaa cha kulifikia. Ila ukimwachia fundi alitengeneze kwa mazoea yake utaletewa geti la duka, na geti la duka kwa mbwa wawili wasiojuana ni balaa.

Tuanze na matundu. Fundi asipoambiwa ataweka nondo zilizoachana sentimita 10. Hapo mbwa anapitisha pua na taya, na mwenzake wa upande wa pili anaidaka. Agiza wavu wa matundu ya sentimita 2.5. Wa sentimita 5 unapatikana kwa urahisi zaidi na si mbaya kama wote ni wakubwa, lakini bado unapitisha kucha na ncha ya pua. Kimo cha sentimita 120 ni cha kumzuia mtoto. German Shepherd mwenye afya anakiruka. Nje nenda sentimita 180, ndani ya korido panda mpaka karibu na linta. Mwanya wa chini usizidi sentimita 4. Komeo liwe la kuteleza na lenye tundu la kufuli, kwa sababu mbwa wa bandani wengi wanajua kuinua kulabu kwa pua. Ncha za kuchomelea zipigwe msasa pande zote mbili, na rangi ikauke wiki nzima kabla mgeni hajafika, maana atailamba. Walioko Tukuyu, kwa mvua zile, wasiruke rangi ya kuzuia kutu.

Geti la mbao za paini kutoka Mufindi ni rahisi na fundi seremala atalimaliza haraka. Hatulipendekezi. Paini ni laini, mbwa mwenye wasiwasi anaitafuna usiku kucha, na vibanzi vyake anavimeza. Na kama ukuta ni wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, bawaba usizifunge ukutani. Simika nguzo kwenye zege, vinginevyo mbwa akijitupa mara kadhaa geti linalegea na bolti zinatoka na vumbi lake.

Sasa bamba, ambalo ndilo linafanya geti hili listahili pesa yake. Mbwa wa bandani ameishi nyuma ya wavu akiwatazama mbwa wenzake mchana kutwa bila kuwafikia. Kwake yeye wavu maana yake ni kubweka, kukimbia huku na huko na kujitupa. Ukimweka mbele ya wavu mtupu na mbwa mwenyeji amesimama upande wa pili, umemrudisha alikotoka, na mwenyeji naye atajifunza tabia hiyo ndani ya siku chache. Wanaofungua geti hapo hushangaa mbwa waliokuwa "wamezoeana" kwa wiki nzima wakivamiana. Hawakuwa wamezoeana, walikuwa wanachokozana.

Kwa hiyo agiza bamba la bati bapa lenye kimo cha sentimita 90, la kuning'inizwa kwa kulabu juu ya wavu na kutolewa bila spana. Likunjwe kingo zisikate, na liwe na mishikio miwili mgongoni. Siku tatu za mwanzo bamba linabaki mahali pake muda wote. Mbwa wanasikiana na kunusana kwa mwanya wa chini, basi. Badilisha magunia yao ya kulalia kila jioni, la huyu alalie yule. Kisha anza chakula: kila mmoja bakuli lake, mita 3 kutoka getini, bamba likiwepo. Wakila bila kuinua kichwa, sogeza nusu mita. Wa bandani mara nyingi hubugia, hivyo ugali wake na dagaa utandaze kwenye sinia pana, apunguze mwendo. Wakifika mita 1 kwa utulivu, toa bamba kwa dakika tano za mlo tu, urudishe. Unaongeza dakika kadiri miili yao inavyobaki laini. Mwili ukikakamaa, mdomo ukafungwa, jicho likakazwa bila kupepesa, rudisha bamba, usingoje mngurumo.

Kabla ya yote hayo wanatakiwa wawe wamekutana nje, mahali ambapo si pa mmoja wao. Barabara pana ya mashambani upande wa Uyole alfajiri inatosha. Watu wawili, kila mtu na mbwa wake kwenye mkanda wa mita 2 uliolegea, mnatembea upande mmoja mkiachana mita 10, mnapunguza taratibu. Pua kwa pua zisizidi sekunde tatu, mnaendelea na mwendo. Mnyororo wa shingoni uache nyumbani.

Geti halizuii magonjwa, na hili wauzaji wa mbwa hawalisemi. Kikohozi cha mabandani kinapita kwenye wavu kama hewa nyingine yoyote, kwa hiyo mgeni anayekohoa anakaa jengo jingine wiki mbili. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imepita angalau wiki tatu kwa wote wawili, kadi mkononi. Tena, mbwa aliyezoea kujisaidia kwenye zege ataona sakafu ya baraza ni choo halali. Osha kwa siki. Dawa zenye amonia zinanukia mkojo na zinamwalika arudi palepale.

Kosa kubwa kwa nyumba zetu ni usiku. Tumezoea kufungia mchana na kufungulia saa mbili usiku, na watu wanawaachia wote wawili siku ya kwanza ili "walinde pamoja". Mlevi akipita nje, wote wanakimbilia geti kubwa, hawamfikii, hasira inamwangukia aliye karibu. Mpaka uwe umewaona wakitulia bila geti kwa wiki kadhaa mchana, mmoja alinde leo, mwingine kesho, na aliye bandani awekewe nyasi kavu za kutosha. Juni na Julai huku si miezi ya kulaza mbwa kwenye saruji tupu.

Wakishikana, usiingize mkono wala usivute kola. Ndoo ya maji, au lile bamba: literemshe, shika mishikio, lisukume katikati yao. Fundi akilalamika kwamba mishikio inaongeza kazi, mlipe.

Nani asinunue? Mwenye mabanda mawili yasiyotazamana na ua mkubwa anaweza kufanya mzunguko huo huo bila geti. Na mwenye jike la miaka mingi anayetaka kuleta jike jingine la umri huohuo, hata geti bora litamchelewesha tu. Majike wawili wakishatoana damu mara kwa mara hupatana kwa shida sana. Huyo kabla ya kulipia mbwa aandikiane na mwenye banda anayemuuzia kwamba mbwa atapokelewa akirudishwa, na muda wake utajwe.

Wakishapatana, geti usiling'oe. Linabaki na kazi siku za mifupa, na jike akiingia joto.