TouchDesigner na Kinect: uzoefu wangu na picha za mafundi wa majahazi

Picha zangu za mafundi wa majahazi wa Lamu nimezitundika ukutani mara nyingi, na watu huzipitia haraka wakaenda zao. Safari hii nilitaka picha imwitikie anayeitazama. Nilitumia TouchDesigner, programu ya kompyuta ya kuunda picha zinazobadilika papo hapo, ya kampuni ya Derivative ya Toronto, pamoja na Kinect ya Xbox One, kamera ya Microsoft inayotambua mwendo wa mtu, katika chumba kimoja cha nyumba ya zamani Mji wa Kale, Mombasa.

Kazi nyingi ndani ya TouchDesigner haihitaji kuandika msimbo. Unaunganisha visanduku kwa nyuzi: kimoja kinafungua picha, kingine kinaipinda, kingine kinapokea namba kutoka kwa Kinect. Kila kisanduku kinakuonyesha papo hapo kinachofanya. Kwa sisi wapigapicha, tunaofikiri kwa macho, hilo ni jambo kubwa.

Kinect hupima umbali kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa hiyo giza la chumba haliisumbui. Hufika kama mita 4.5. Jua ndilo adui yake, tukaziba madirisha yote. Inataka Windows, tundu la USB 3 na adapta yake. Microsoft waliacha kuitengeneza 2017, basi utapata iliyotumika. Ijaribu kabla hujalipa.

Kanuni niliyoweka ni moja tu. Ukitembea, picha inavurugika kama iliyo chini ya maji. Ukisimama, inatulia polepole mpaka unaiona tezo mkononi mwa fundi na pamba ya kalafati ikiingia kati ya mbao. Mvurugo unatoka kwenye kisanduku cha Displace, na namba za mwendo nilizipitisha kwanza kwenye Lag ili zilainike. Bila hivyo picha inashtuka kwa kila mkono unaoinuliwa. Muda mwingi niliutumia hapo, na sijutii, maana utulivu huo ndio kazi yenyewe.

Watoto walielewa bila kuelezwa: wakakimbia, wakaganda, wakakimbia tena. Bibi mmoja alisimama mbele ya fundi mzee hadi uso ukaja wote, akaniuliza, "Mwanangu, mbona huyu ananingoja?" Mbele ya picha ya ukutani sijawahi kuulizwa hivyo.

Skrini ilikuwa bafta nyeupe, projekta ikiwa nyuma yake ili kivuli cha mtu kisiifunike picha. Toleo la bure la TouchDesigner lina ukomo wa pikseli 1280 kwa 1280, na haliruhusiwi kwa kazi ya biashara. Ukitoza kiingilio, nunua leseni. Kwenye bafta ukomo huo haukunisumbua, kwani nyuzi za kitambaa zenyewe hulainisha picha.

Kilichonisumbua ni weusi. Projekta haitoi weusi. Mahali peusi pa picha panabaki rangi ya kitambaa tu. Picha za mchana, zenye mchanga na matanga, zilipendeza sana. Zile za ndani ya karakana, zenye kivuli kizito, nitaendelea kuzichapa kwenye karatasi.