AC ya mama, waifai ya nyumbani, na kijana wa dukani aliyeniuliza kama sina mtoto

Nyota moja. Naanza na hapo kwa sababu hasira bado ninayo, ingawa kifaa chenyewe, hiki cha kuendesha AC kwa simu, kinafanya kazi hivi ninavyoandika na mama amelala.

Mama yangu ninakaa naye Kimara. Ana presha, na mkono wa kulia hauna nguvu tangu alipopata kiharusi. Rimoti ya AC inamshinda. Anabonyeza akitaka kupunguza baridi, inashuka mpaka 16, chumba kinakuwa kama friji la bucha, naye anajikunja kwenye shuka mpaka dada anayetusaidia arudi kutoka gengeni. Siku nyingine anaizima kabisa bila kujua, na kwa joto hili la kaskazi, chumba chenye dirisha linalotazama jua la jioni, saa kumi hakikaliki. Mimi wakati huo niko ofisini Posta. Na tusisahau LUKU: AC ikishinda kwenye 16, umeme nilionunua Jumatatu, Jumatano mita inalia.

Shemeji yangu aliyeko Houston alitaka kunitumia themostati ya kubandika ukutani kama ya kwake. Nikamwambia asubiri. Nyumba za kule nyingi zinapozwa na mtambo mmoja wa nyumba nzima, na themostati zao zinaunganishwa na nyaya nyembamba za volti 24 zinazotoka kwenye huo mtambo. AC zetu ni hizi za kipande kimoja ukutani na kingine nje, zinasikiliza rimoti tu. Ingefika hapa ikalala kabatini. Kinachotufaa sisi ni kidude kidogo cha kuweka mezani, kinapiga mionzi ileile inayopigwa na rimoti, chenyewe kikipokea amri ya simu yako kupitia waifai. Kina na kipimajoto chake ndani. Nilikipata Kariakoo kwa shilingi 90,000, na kwa jinsi nilivyokuwa nakihitaji hata sikuvutana bei.

Sasa njoo kwenye kukiunganisha.

Taa yake inawaka na kuzima haraka haraka, maana yake kiko tayari. Programu kwenye simu inakuuliza jina la waifai na paswedi. Unaandika. Kinatokea kiduara kinachohesabu, asilimia 10, 30, 70, unakishikilia kwa macho, kinafika mwisho, kinaandika imeshindikana. Basi. Hakisemi imeshindikana kwa nini. Paswedi? Umbali? Kifaa kibovu? Unaambiwa ujaribu tena tu.

Nilijaribu tena. Nikakagua herufi kubwa na ndogo za paswedi moja moja. Nikakichokoa kwa pini kianze upya. Nikasogeza ruta kutoka sebuleni mpaka mlangoni kwa mama, waya umevuka korido, dada nusura ajikwae na sahani ya uji. Programu ikataka ruhusa ya kujua mahali nilipo, nikakataa, kwa sababu sioni AC inataka kujua nilipo ili iweje. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba simu hizi za Android haziipi programu majina ya waifai zilizo karibu mpaka uiruhusu ijue mahali. Sawa, nimeelewa. Lakini si wangeandika mstari mmoja tu kwenye ile karatasi yao? Karatasi imekunjwa mara nane, ina lugha sita, hakuna lugha hata moja inayokwambia jambo hilo.

Usiku wa kwanza nililala saa saba. Wa pili saa nane. Siku ya tatu, muda wa chakula cha mchana, nikakitia kwenye mkoba nikapanda mwendokasi, nikashuka Msimbazi Polisi, nikarudi dukani.

Hapa ndipo pananiuma, naomba mnivumilie.

Kijana alikuwa yuleyule aliyeniuzia. Siku ya kununua alinipokea kwa shikamoo, akanivutia kiti, akaniita mama yangu mpaka basi. Siku hii hakunyanyua macho kwenye simu yake. Salamu hakuna. "Kina nini?" Nikamweleza vizuri, taratibu, kama mtu mzima: taa inawaka hivi, inahesabu, inafika mwisho, inagoma. Hakukigusa kifaa. Hakuuliza ruta yangu ni ya aina gani, wala simu yangu ni ipi. Akasema, na wateja wawili wamesimama pale wanasikia:

"Mama, hivi vitu vinataka mtu anayejua mambo ya simu. Huna kijana nyumbani?"

Mmoja wa wale wateja akacheka.

Mimi nina miaka 54. Ni mhasibu. Nimefunga hesabu za mwaka kwenye kompyuta wakati huyu anabebwa mgongoni. Nikamjibu, "Mwanangu, nyumbani kwangu anayejua simu ni mimi." Akasema, "Basi waifai yako ndiyo mbovu," akageukia wale wengine. Kifaa changu kimebaki juu ya kioo cha kaunta. Nikakichukua nikaondoka.

Mtoto sikujaliwa. Hilo halimhusu, na hakuwa na namna ya kulijua, lakini ndiyo maana mtu aliyelelewa haulizi maswali ya namna hiyo mbele za watu. Swali lile nilisimama nalo ndani ya basi mpaka Kimara mwisho. Mzazi wangu ninamuuguza mwenyewe, nikaenda kutafuta kitu cha kumpunguzia taabu, nikarudi nimetiwa aibu na mtu niliyempa hela yangu.

Usiku ule sikutaka hata kukiangalia. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nikachukua ya mama, ile ya zamani iliyopasuka kioo, ambayo tunaitumia kupigia tu na kupokea hela. Nikaiwekea programu kwa kujilazimisha. Jina la waifai, paswedi, kiduara. Hata dakika haikutimia. Imeunganishwa. Nikabonyeza kuwasha, AC ikalia "tii", na mama akaita kutoka kitandani, "Nani kawasha?" Nikakaa chini sakafuni palepale.

Kwa nini simu ya zamani iweze na yangu mpya ishindwe? Hilo ndilo swali alilotakiwa kulijua yule kijana, kwa sababu kuuza ndiyo kazi yake. Ruta za siku hizi zinarusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 yana kasi lakini yanachoka upesi, ukuta wa tofali unayapunguza sana. Ya 2.4 yanakwenda taratibu ila yanafika mbali zaidi na kupenya vizuri zaidi. Vifaa vidogo hivi, vya AC, vya taa, vya soketi, vingi vinasikia 2.4 peke yake, maana havina mzigo mkubwa wa kutuma. Ruta yangu ilikuwa imeyapa mawimbi yote mawili jina moja. Simu yangu mpya ilikuwa imekaa kwenye 5, inaita kwa sauti ambayo kifaa hakina masikio ya kuisikia. Simu ya mama haina 5 kabisa, kwa hiyo wakakutana.

Kesho yake niligeuza ruta, nikasoma kibandiko cha chini, nikaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, nikaingia, nikayatenganisha majina: moja la 2.4, moja la 5. Hakuna kijana aliyenisaidia. Baada ya hapo simu yangu inaweza kukaa popote, hata kwenye bando nikiwa Posta, kwa sababu amri inapita kwenye intaneti. Ni ile siku ya kuunganisha tu ndiyo lazima wote wawe pamoja.

Kwa hiyo ile nyota moja naifuta. Kifaa si haki kukilipiza ubaya wa muuzaji. Wiki ile ya kwanza ningekipa nne, hata tano. Niko kwenye kiti changu cha ofisini, nafungua simu naona chumba cha mama nyuzi 27, naiweka AC kwenye 25, naona joto linashuka polepole, najua amepata usingizi. Mtu ambaye hajawahi kumwacha mgonjwa nyumbani hawezi kujua hiyo ni raha ya namna gani. Na LUKU ikaanza kuvuka wiki.

Halafu ukakatika umeme.

Ilikuwa wiki ya tatu hivi, asubuhi, ukakatika ukarudi. Mchana nikafungua simu: AC imewashwa, 25. Pembeni kipimajoto kinasema 31. Nikafikiri labda dada amekisogeza kidude juani. Nikaendelea na kazi zangu. Baada ya muda naangalia tena, imewashwa, 25, na joto 32. Nikapiga. Mama akapokea, sauti iko chini, "Mwanangu, hii AC imekufa?"

Ilikuwa imezimwa tangu umeme ulipokatika. Zaidi ya saa mbili mama yangu analoa jasho, na simu inaniambia imewashwa. Kumbe kifaa hiki kinasema tu, hakijibiwi. Kinapiga mionzi kama rimoti, na AC haina njia ya kukirudishia neno. Amri ya mwisho kiliyotuma ilikuwa "washa", basi chenyewe kinaamini imewaka mpaka leo. AC nyingine umeme ukirudi zinajiwasha zenyewe, ya mama haijiwashi. Sasa niulize: kifaa kinachouzwa Dar es Salaam, ambako kila mtu anajua umeme unakatika, kwa nini kiandike "imewashwa" badala ya "nimeituma amri"? Hayo ni maneno mawili tofauti, na tofauti yake niliiona kwenye shuka la mama.

Nyota mbili. Nilizifuta zile nne jioni ileile.

Lakini niseme kweli pia, kipimajoto chake hakikunidanganya. Kilisema 31, mimi ndiye niliyeamini lile neno jingine. Siku hizi naangalia namba ya joto tu, hilo neno silisomi. Nimeweka joto likipita 29 simu inilie, na nimeweka ratiba kila saa kitume upya amri ya kuwasha kwa 25. Rimoti za AC nyingi zinatuma amri nzima kwa mpigo mmoja, hivyo kama imeshawaka haizimiki, inabaki ilivyo. Umeme umeshakatika mara kadhaa tangu hapo na mama hajapata taabu tena.

Kwa hiyo sijui. Tatu, labda. Nataka na cha chumbani kwangu, ila lile duka sirudi, hata wakipunguza bei nusu. Kama kuna anayetumia aina inayojua kweli AC imewaka au imezima, isiyokisia, aniambie amenunua wapi na kwa bei gani, na kama ameiunganisha mwenyewe.