Miezi minane na huduma ya muziki mtandaoni: tathmini ya msikilizaji wa miaka 17

Nimeitumia huduma hii ya kusikiliza muziki mtandaoni kwa miezi minane, karibu kila siku, nikiwa na umri wa miaka 17 na masikio yasiyotulia: wiki moja naishi ndani ya hip hop, wiki inayofuata nimehamia kwenye kwaya, kwenye roki, au kwenye piano isiyosindikizwa na neno hata moja. Jina la huduma sitalitaja, kwa sababu nilipoazima akaunti za marafiki na kujaribu nyingine mbili nilikuta sifa zile zile na kasoro zile zile, tofauti ikiwa rangi ya vitufe tu. Sikuipima kwa wingi wa nyimbo zake, maana nyimbo zimejaa kupita uwezo wa mtu kuzimaliza. Nilichotaka kujua ni kama inamsaidia msikilizaji kijana kufika kwenye muziki ambao hakujua kwamba upo, au inamzungusha kwenye chumba kile kile huku ikimbadilishia mapazia.

Nianze na kinachosifiwa zaidi, yaani orodha ya mapendekezo ya kila wiki. Tangu Spotify ilipoanza, mwaka 2015, kumpa kila msikilizaji nyimbo 30 kila Jumatatu, wazo hilo limeenea, na huduma hii nayo inalo toleo lake. Mtambo unaoandaa orodha hizi, kwa sehemu kubwa, hufanya kazi ya kulinganisha watu: ikiwa wasikilizaji wengi waliopenda nyimbo nizipendazo wamependa pia wimbo fulani ambao mimi sijausikia, basi wimbo huo unaletwa kwangu. Ni hesabu yenye akili, na wiki tatu za kwanza nilikuwa naamka Jumatatu kwa furaha ambayo siku hiyo haijawahi kunipa. Kufikia wiki ya sita, hata hivyo, nyimbo zote zilikuwa kama ndugu wa tumbo moja: mwendo wa wastani, gitaa laini, mwimbaji anayenong'ona kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu. Hapakuwa na wimbo mbaya hata mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, kwa kuwa mtambo unaojifunza kutokana na kile usichokiruka huishia kukuletea vitu visivyokupa sababu ya kuviruka.

Kisha likatokea suala la mvua. Wakati wa mitihani nilikuwa nikilala nikiwa nimefungulia sauti ya mvua, ambayo huduma inaihesabu kama wimbo wa kawaida wenye jina, jalada na msanii, na kwa kuwa inajirudia hadi asubuhi, ndani ya siku tano mvua ikawa ndiyo msanii wangu ninayemsikiliza kuliko wote. Jumatatu iliyofuata orodha yangu ilikuja na vipande saba vya mvua: mvua juu ya bati, mvua msituni, mvua na radi za mbali. Ipo njia ya kuuambia mtambo usizingatie kilichosikilizwa usiku, lakini imefichwa chini ya menyu tatu, na niliigundua baada ya mwezi mzima wa mafuriko.

Nilichokipenda kwa dhati katika huduma hii sikukipata kwenye mapendekezo. Nilikipata usiku mmoja nikisikiliza albamu ya kundi la hip hop la A Tribe Called Quest iitwayo The Low End Theory, ya mwaka 1991, vipokea sauti vikiwa masikioni na simu ikiwa kifuani. Katika wimbo mmoja besi ilikuwa na uzito ambao sikuuzoea; haikuwa besi ya mashine wala ya gitaa, bali ya ala kubwa ya mbao ambayo ungeweza kusikia kidole kikiachia uzi na uzi ukirudi mahali pake. Kabla sijaanza kujiuliza ni nani huyo, rapa mwenyewe akamtaja mpiga besi kwa jina, akamshukuru katikati ya mashairi: Ron Carter. Nilisimamisha wimbo, nikaandika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, na zikanimiminikia albamu nyingi kiasi kwamba nilidhani mtandao umechanganya watu wawili. Haukuchanganya. Guinness World Records walimtambua mwaka 2015 kwa kushiriki katika rekodi zaidi ya 2,200, na miongoni mwa hizo zimo albamu alizopiga na mpiga tarumbeta wa jazi, Miles Davis, tangu mwaka 1963.

Nikafungua Seven Steps to Heaven, ya mwaka huo huo wa 1963, kwa sababu ndipo wawili hao walipoanzia pamoja. Nilikuwa sijawahi kusikiliza albamu nzima ya jazi, na nikiri kwamba dakika kumi za kwanza nilisubiri mtu aanze kuimba. Kilichonikamata hatimaye ni dramu. Katika baadhi ya vipande mpigaji anagusa tasa la shaba kwa wepesi unaokufanya uhisi kwamba wimbo unakimbia hata pale wenzake wanapotembea, wakati katika vipande vingine dramu zimetulia kwa adabu nyuma ya piano. Niliviruka mbele na nyuma mara kadhaa, nikaamini kwamba ninasikia watu wawili tofauti, na nilikuwa sahihi: nusu ya albamu ilirekodiwa Los Angeles na mpiga dramu Frank Butler, na nusu ikarekodiwa New York mwezi uliofuata na kijana aitwaye Tony Williams, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17. Umri wangu. Mimi nilikuwa kitandani nikihofia mtihani wa kemia, na yeye katika umri huo huo alikuwa akimsukuma Miles Davis kwa nyuma.

Hapo ndipo penye lawama yangu kubwa kwa huduma hii. Habari hiyo ya vikao viwili na wapiga dramu wawili haikuwamo popote ndani ya programu. Ukibonyeza vitone vitatu pembeni ya wimbo na kuchagua ukurasa wa majina ya walioshiriki, unapata jina la msanii mkuu, jina la mtunzi na jina la kampuni ya rekodi, basi. Hata wimbo ule wa mwaka 1991, ambao mpiga besi anatajwa kwa sauti ndani ya mashairi, haukuwa na jina lake kwenye ukurasa huo. Nililazimika kutafuta picha za jalada la nyuma la santuri ya zamani na kuzikuza hadi herufi zikasomeka. Santuri ya mwaka 1963 ilikuwa na karatasi ya kumweleza mnunuzi nani alipiga nini na wapi; simu yangu, yenye nafasi ya kuhifadhi maktaba nzima, haina. Kwa msikilizaji anayetaka wimbo mmoja wa kufagilia nyumba hilo si tatizo, lakini kwa anayetaka kugundua, majina ya walioshiriki ndiyo milango yenyewe, na kuyaacha ni sawa na kujenga jumba lenye vyumba elfu na kusahau vitasa.

Nasema hivi kwa sababu nilipoyafuata majina, nilifika mbali kuliko nilivyowahi kufikishwa na orodha yoyote ya Jumatatu. Tony Williams alimwacha Miles Davis na mwaka 1969 akatoa albamu ya kundi lake mwenyewe, Lifetime, yenye ogani, dramu na gitaa la umeme lililopigwa kwa ukali ambao marafiki zangu wapenzi wa roki waliukubali bila kuulizwa mara mbili. Mpiga gitaa huyo, John McLaughlin, Mwingereza, miaka michache baadaye aliweka umeme pembeni na kuunda kundi la Shakti pamoja na wanamuziki wa India: L. Shankar kwenye fidla, Vikku Vinayakram kwenye chungu cha udongo kinachopigwa kwa viganja na vidole, na Zakir Hussain kwenye tabla, yaani jozi ya ngoma ndogo za mkono. Albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa mbele ya hadhira mwaka 1975, ina vipande vitatu tu, na cha mwisho kinakaribia dakika 29. Nikamfuata Zakir Hussain, nikamkuta kwenye Planet Drum, albamu ya midundo mitupu ya Mickey Hart, mpiga dramu wa kundi la roki la Grateful Dead, ambamo tabla inajibizana na ngoma isemayo ya Sikiru Adepoju kutoka Nigeria. Nikatazama mwaka wa albamu: 1991. Nilikuwa nimetoka kwenye hip hop, nikapita jazi, roki na muziki wa India, na nikarejea katika mwaka ule ule nilioanzia, bila mapendekezo ya mtambo hata mara moja.

Safari hiyo ilinichukua siku nne, na kwa haki ni lazima nikiri kwamba isingewezekana bila huduma. Kila albamu niliyoitafuta ilikuwapo, ilifunguka mara moja, na niliweza kuipakua na kuisikiliza mahali pasipo na intaneti. Kitufe cha kutafutia ni chepesi na hakinuni mtu anapokosea tahajia. Niliandika jina la Vinayakram kwa njia tatu mbovu na mara zote likapatikana. Ubora wa sauti nao hauna dosari ninayoweza kuisikia, kwani huduma inatoa kiwango cha CD, yaani sauti iliyopimwa mara 44,100 kwa sekunde, ingawa kwa vipokea sauti vyangu, ambavyo kimoja kimefungwa kwa gundi ya karatasi, tofauti hiyo naiamini zaidi kuliko ninavyoisikia.

Upangaji wa aina za muziki, kwa upande mwingine, unachekesha na kuudhi kwa pamoja. Hip hop imegawanywa kwa vijitawi zaidi ya ishirini, kwa miji, kwa miongo, hata kwa hali ya moyo. Albamu za Shakti nilizikuta kwenye rafu moja kubwa iitwayo Muziki wa Dunia, pamoja na taarabu, qawwali za Kisufi, fado ya Ureno na kora, ile ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, kana kwamba muziki mwingine wote unatengenezwa kwenye sayari nyingine. Lebo hiyo ilikubaliwa London mwaka 1987 na watu wa kampuni ndogo za rekodi, ambao shida yao ilikuwa halisi: wauzaji wa maduka hawakujua waziweke wapi santuri za aina hii. Duka lina rafu chache na ukuta una mwisho. Programu haina ukuta, na sioni sababu ya yeye aliyezaliwa na taarabu masikioni kuambiwa kwamba anachokisikiliza ni cha jamii moja na fado, ambavyo havifanani kwa ala, kwa lugha wala kwa namna ya kuimba.

Kuna jambo dogo ambalo huenda likamwudhi tu mtu anayesikiliza albamu nzima nzima, yaani mtu kama mimi nilivyokuwa. Albamu inapokwisha, huduma haikuachii hata sekunde tatu za ukimya. Inaingiza papo hapo kitu inachodhani kinafanana. Kile kipande cha dakika 29 cha Shakti kinaisha watazamaji wakipiga makofi, nawe ungali umeshika pumzi, na kabla makofi hayajafifia unaingiliwa na piano ya kusomea. Nilizima mpangilio huo siku ya pili. Ushauri wangu kwa mtumiaji mpya ni kuuzima siku ya kwanza, kabla hajachagua hata picha ya akaunti.

Kipo kitufe kingine, kile cha kuanzisha redio kutokana na wimbo mmoja, ambacho nilikidharau mapema na baadaye nikajifunza kukitumia. Ukikianzisha kwa wimbo maarufu unapata nyimbo maarufu, na unarudi kwa wanong'onaji wetu. Ukikianzisha kwa wimbo wenye wasikilizaji wachache, hasa ule wenye ala isiyo ya kawaida, mtambo unakosa watu wa kutosha wa kulinganisha na unaanza kubahatisha, na katika kubahatisha huko ndipo unapotoa mambo mazuri. Nilianzisha redio kwa kipande cha chungu cha udongo, na ndani ya saa moja nilisikia filimbi, kwaya ya wanawake pekee, na mtu mmoja akipiga fidla kama anayegombana nayo. Nusu ya nyimbo hizo sikuzipenda. Nyingine nimezihifadhi.

Kwa hiyo, kwa kijana anayeuliza kama ajiunge, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba aichukulie kama maktaba yenye mkutubi mvivu. Azime kuendelea kwa albamu, afungue akaunti ya pili kwa ajili ya sauti za kulalia, na aweke daftari pembeni kwa ajili ya majina, kwa kuwa programu haitamwekea. Daftari langu lina kurasa kumi na moja hadi sasa. Huduma nimeipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku nitakapobonyeza wimbo wa mwaka 1963 na kuambiwa ni nani aliyekuwa kwenye dramu.

Jumatatu hii orodha yangu ya wiki ilikuja na vipande vinne vya tabla, viwili vya ogani, na kimoja cha mvua juu ya bati.